Mwaka Serikali Ilipowafumbua Watoto Vinywa

Kaeni kitako niwasimulie. Iko nchi moja, jina lake halitajwi bila kibali chenye mihuri miwili, na mhuri wa pili siku zote huwa umekwenda kunywa chai. Kwa hiyo tuiite nchi tu. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba.

Katika nchi hiyo watoto walikuwa hawasemi shuleni. Haikuwa siri. Kwa miaka arobaini kila darasa lilikuwa na bango la maandishi mekundu: MDOMO UFUNGWE, AKILI IFUNGUKE. Kila darasa lilikuwa na kiranja wa kuandika majina ya wapiga kelele, na kila jina lilikuwa na fimbo zake. Mtoto aliingia darasa la kwanza na maneno tele kama kasuku. Akifika la nne amebakiwa na matatu: "Ndiyo mwalimu," "Hapana mwalimu," na kikohozi. Serikali ilijivunia utulivu huo hata ikatuma ujumbe ng'ambo kwenda kuwafundisha wenzao.

Basi siku moja akaja mgeni mfadhili. Akamwinamia mtoto wa darasa la tano, akamwuliza, "Hujambo? Unapenda nini hapa shuleni?" Mtoto akatazama chini. Kisha akamtazama kiranja. Kiranja akatoa kalamu. Mgeni akarudi kwao, akaandika ripoti yenye sentensi moja ya maana: watoto wa nchi hii hawazungumzi.

Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Lupembele, alipoisoma alishtuka kama mtu aliyeambiwa leo kwamba nyumba anayolala ina paa.

"Nani amewanyamazisha watoto wetu?" akauliza redioni kwa uchungu mkubwa.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote waliokuwa pale studioni walisoma shule hizo hizo.

Ndipo ukazaliwa Mpango Kabambe wa Taifa wa Kufumbua Vinywa, kwa kifupi MKATAKUVI, na ikaitishwa semina ya siku tatu ili maofisa wajifunze kulitamka jina lake. Mabango ya zamani yakang'olewa, yakaletwa mapya yenye picha ya mdomo wa Mheshimiwa Waziri, umefumbuliwa mpaka magego yanaonekana. "Taifa lisilosema," alisema siku ya uzinduzi, "ni sawa na taifa ambalo halisemi!" Watu wakapiga makofi dakika nne.

*

Mwalimu Zamoyoni alifundisha darasa la tatu katika Shule ya Msingi Bondeni Juu, ambayo haikuwa bondeni wala juu, bali iling'ang'ania ubavu wa kilima kama mbuzi. Alikuwa na watoto tisini na sita na madawati kumi na manane. Jengo lilikuwa jipya. Lilizinduliwa miaka miwili nyuma kwa utepe na keki, baada ya kujengwa na mkandarasi aliyekuwa shemeji ya mtu, na huyo mtu alikuwa mtu kwelikweli. Mvua ya kwanza ilipolipiga, ukuta wa upande wa kilima ukafanya ufa mwembamba kama unywele. Mvua ya pili ufa ukatosha kidole. Zamoyoni alimwonyesha mwalimu mkuu, Mwalimu Dismas, mtu mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu na asiyetaka lolote limtokee ndani ya miaka hiyo. Mwalimu Dismas akautazama ufa, akaguna, akaagiza bango la MDOMO UFUNGWE lisogezwe kidogo kushoto. Likaufunika sawasawa.

Waraka wa MKATAKUVI ulipofika, walimu wengi waliukunja wakafungia vitumbua. Zamoyoni aliusoma wote. Ukurasa wa kumi na moja ulisema kila mtoto atasimama mbele ya mkaguzi na kuzungumza kwa dakika moja, kwa maneno yake mwenyewe, juu ya jambo alilolichagua mwenyewe. Mstari huo aliusoma mara tatu. Yeye utotoni aliwahi kuchapwa fimbo sita kwa kucheka, na tangu siku hiyo mpaka anaingia chuo cha ualimu hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Akaona: hata mti mbovu siku moja huzaa tunda. Acha tulile.

Siku iliyofuata alimnyang'anya kiranja kalamu. Akakaa juu ya meza, akawasimulia watoto jinsi alivyowahi kupotea sokoni akiwa amekumbatia bata, kisha akanyamaza, akangoja. Siku tatu hakusema mtu. Siku ya nne mtoto mmoja, Mbarawa, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Mwalimu, kuku wetu anataga kitandani kwa babu." Darasa zima likaangua kicheko. Hakuna jina lililoandikwa. Watoto wakatazamana kama watu waliogundua kwamba mlango wa gereza ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa.

Baada ya hapo ilikuwa mvua. Walisema mpaka kengele inalia hawaisikii. Aliyekawia kuliko wote ni Siwema, msichana mdogo aliyekaa dawati la mwisho, bega lake limegusa ukuta ule wenye ufa. Alikuwa na kigugumizi. Mama yake alifyatua matofali kule chini kwenye udongo mwekundu, na Siwema alimsaidia tangu alipoweza kubeba moja. Zamoyoni aliweka sheria moja tu: "Siwema akisema, tunasubiri." Wakasubiri. Ilimchukua robo saa siku ya kwanza kueleza jinsi tofali zuri linavyolia ukiligonga, na bovu linavyonyamaza. Watoto tisini na watano walimsikiliza midomo wazi, na alipomaliza akakaa akiwa na jasho, uso unang'aa.

*

Mkaguzi wa Ndimi alifika baada ya wiki sita. Aliitwa Bwana Tumsifu, kavaa suti ya rangi ya maziwa, mkononi ana saa ya kupimia muda na fomu tisini na sita. Kila fomu ilikuwa na vyumba vinne: Sauti, Matamshi, Mkao wa Mabega, na Tabasamu.

Mbarawa akaanza. Akaeleza habari za kuku na babu, akapata nane. Wa pili akasimama msichana mrefu, akasema, "Ukuta wetu umepasuka. Mvua ikinyesha unalia, na machozi yake ni mchanga."

"Safi sana!" Bwana Tumsifu akaruka kwenye kiti. "Ukuta unalia! Hiyo ni tashihisi, mwalimu, katika umri huu! Tisa!"

Wa tatu akasema mkono wake sasa unaingia kwenye ufa mpaka kiwiko, na kwamba jana aliona mjusi akiingia darasani na kutokea kilimani. Mabega yake yalikuwa sawa, akapewa nane na nusu. Wa nne naye ukuta. Wa sita ukuta. Hawakuwa wamepanga. Mtoto akiambiwa aseme analoliona kila siku, naye kila siku anautazama ukuta unaomwinamia, unataka aseme nini? Habari za mwezi? Ilipofika saa sita, watoto thelathini na mmoja walikuwa wamemweleza mkaguzi wa serikali, kwa sauti safi na tabasamu pana, kwamba jengo la serikali litawaangukia.

Zamoyoni hakuvumilia. "Bwana mkaguzi, samahani. Umesikia wanachosema?"

"Nimesikia wanavyosema, mwalimu," Bwana Tumsifu akajibu, akilamba ncha ya kalamu. "Wanachosema hakimo kwenye fomu."

Akasimama Siwema. Alifumba macho, akavuta pumzi.

"U-u-ukuta," akasema. "Ukuta ha-ha-hauna sa... sa-sa..."

Darasa likakaa kimya likimngoja, kama lilivyozoea. Bwana Tumsifu akaitazama saa.

"Sa-sa-sa..."

"Muda umekwisha." Akaandika huku akisoma kwa sauti: "'Ukuta hauna saa.' Sentensi sahihi kisarufi ila haina maana. Alama mbili."

Siwema akafumbua macho. Hakulia. Alikaa chini taratibu, akaegemeza bega pale pale.

Jioni hiyo Zamoyoni alichukua daftari jipya akaandika maneno yote ya wale watoto, mmoja mmoja na jina lake, kwa kuwa fomu hazikuwa na mahali pa kuyaweka. Halafu akamwandikia Waziri barua. Majibu yalikuja haraka kuliko ilivyo desturi ya nchi hiyo. "Barua yako imepokelewa kwa furaha," yalisema. "Hata hivyo mstari wa tatu umesahau koma. Masuala ya kuta hayahusiani na masuala ya ndimi. Aidha, tunakupongeza: shule yako imekuwa ya pili kitaifa."

*

Zamoyoni akawatoa watoto nje. Akawaketisha chini ya kivuli cha jengo la ofisi, akafundishia ubao ulioegemezwa kwenye ndoo. Siku nne walikaa hivyo. Siku ya tano Mwalimu Dismas akaja mbio, tai imepinda.

"Warudishe ndani, mwalimu. Kesho Waziri anakuja kukabidhi ngao yetu ya ushindi."

"Mwalimu mkuu, ule ukuta umeuona."

"Nimeuona. Na barua ya Wilaya nimeiona pia. Inasema ngao itapokelewa ndani ya darasa lililoshinda, na watoto walioshinda wakiwa wameketi. Nifanyeje mimi? Nisaidie, mwenzangu. Saa moja tu."

Usiulize kwa nini alikubali. Yeye mwenyewe amejiuliza mara nyingi kuliko wewe. Alitaka kukataa, na neno la kukataa lilikuwa limefika kooni, likasimama hapo hapo palipokuwa na zile fimbo sita. Aliwahamisha tu wale wa dawati la mwisho waje mbele, wakabanana sita sita.

Waziri alikuja na magari kumi na moja. Ngao ilikuwa ya mninga, upana kama mlango, imechongwa ulimi wa shaba katikati. Waziri akatazama kuta zote nne, akachagua ile iliyotazamana na kamera. Fundi akapanda ngazi na misumari ya inchi sita.

"Si ukuta huo, Mheshimiwa," Zamoyoni akasema.

Sauti ilimtoka ndogo. Msaidizi wa Waziri akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha, huku nyuma yake bango likisema FUMBUA KINYWA, JENGA TAIFA.

Misumari ilipigwa minane. Watoto waliambiwa warudi sehemu zao ili picha isionyeshe nafasi tupu. Waziri akapeana mikono na watu, akala, akaondoka. Mvua ikaanza magari yakiwa bado yanaonekana barabarani. Zamoyoni alisikia mlio mmoja mfupi, akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" na waliokuwa karibu na mlango wakatoka. Ukuta ukaja mzima mzima, na ngao yake.

Watoto kumi na tisa walifukiwa. Wazazi walichimba kwa mikono na sufuria. Wote walitolewa wakiwa hai, na watu wa dini wakasema ni muujiza. Siwema alitolewa wa mwisho. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya ngao, nao haukuponyeka. Hospitali ya wilaya waliukata chini ya goti.

*

Tume iliundwa siku ya pili, yenye wajumbe saba na madereva tisa. Mjumbe wa kwanza alikwenda wodini, akavuta kiti karibu na kitanda cha Siwema, akafungua fomu: Masimulizi ya Tukio, Dakika Moja.

"Haya binti, tueleze."

"U-ukuta ha-ha-hauna sa-sa..."

Mjumbe akainua mkono kuitazama saa yake. Mama Siwema, mwanamke mfupi, viganja vimepasuka kwa udongo na moto, akaufunika mkono ule kwa mkono wake, akaubana kwenye ukingo wa kitanda.

"Subiri," akasema.

"Mama, utaratibu..."

"Nimesema subiri."

Wodi nzima ikasubiri. Nesi akasimama na sindano yake. Siwema akapambana na lile neno kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani, likapanda, likateleza, likapanda tena.

"Sa-saruji," akasema. "Hauna saruji. Ni mchanga mtupu. Ni-nilionja."

Mjumbe aliandika: *Anasema kwa taabu.*

Tume ilikaa wiki mbili kwenye hoteli yenye kuta imara. Mwenyekiti wake, jaji mstaafu, alikuwa na swali moja lililomsumbua sana. "Kwa nini," akauliza kwa huzuni, "hakuna aliyesema?"

Zamoyoni akasimama. "Mheshimiwa, walisema. Watoto thelathini na mmoja walimwambia mkaguzi wenu. Alama walizopewa ni hizi, na maneno waliyosema ni haya." Akaweka daftari mezani.

Jaji akalifunua kwa kidole kimoja. "Halina mhuri," akasema, akalifunga.

Ripoti ilisomwa redioni na Waziri mwenyewe. Ilisema mkandarasi alijenga kwa nia njema. Ilisema mwalimu wa darasa ndiye aliyewazoesha wanafunzi kulisema jengo vibaya, hivyo kulishushia hadhi. Ilisema Mpango umefanikiwa kupita matarajio, kwani watoto wale, hata wakiwa chini ya kifusi, waliita kwa sauti kubwa na matamshi yanayosikika hadi barabarani, jambo lisilowezekana mwaka jana. "Miaka iliyopita," alisema Mheshimiwa Lupembele, na sauti yake ikatetemeka kwa fahari, "wangefukiwa kimya kimya!"

Zamoyoni aliisikia hotuba hiyo amesimama dukani ananunua chumvi, barua ya kusimamishwa kazi imo mfukoni. Aliisikia mpaka mwisho. Mwenye duka akamwuliza kama anataka chumvi ya mawe au ya unga. Zamoyoni akaiacha chumvi pale. Akaenda nyumbani akachukua daftari lisilo na mhuri, akashuka nalo kwenye tanuru la Mama Siwema.

*

Aliwakuta wanawake wengi, wamekuja kumsaidia mwenzao kupanga matofali. Hakusalimia kwa kirefu. Akafungua daftari akasoma. Alisoma jina la mtoto, kisha maneno ya mtoto. Mama mmoja aliposikia la mwanawe akaweka tofali chini. Mwingine akasema, "Na mimi aliniambia. Nikamwambia anyamaze ale." Akajifunika uso kwa kanga.

Zamoyoni alipofika mwisho, Mama Siwema akauliza, "Mwalimu, yale madarasa mengine matatu. Yalijengwa na nani?"

"Huyo huyo."

"Na watoto wamo?"

"Wamo. Jumatatu kama kawaida."

Mama Siwema akaweka maji kwenye beseni, akanawa udongo mikononi taratibu hadi viwiko. "Basi Jumatatu," akasema, "nasi tutakwenda shule."

Walikwenda. Walikuwa wanawake arobaini na wanaume walioona aibu kubaki nyumbani, wana sululu, mitaimbo na kamba za kufungia ng'ombe. Waliwatoa watoto kwanza, wakawapeleka ng'ambo ya uwanja, wakawahesabu mara mbili. Mwalimu Dismas alisimama mlangoni mwa ofisi, akatazama, halafu akaingia ndani akatoka na nyundo ya shule. Akampa mtu wa kwanza aliyemkuta.

Haikuwa kazi. Darasa la nne lilikubali kwa msukumo wa mtaimbo mmoja. Matofali yalimomonyoka mikononi kama ugali uliolala. La tano lilianguka wakiwa bado wanajadiliana waanzie wapi. Walipofika la sita, Mkuu wa Wilaya aliwasili na askari kwenye malori mawili.

"Nani amewatuma?" akanguruma. "Chama gani? Nani amewaambia mbomoe mali ya serikali?"

"Watoto wametuambia," akasema Mama Siwema.

"Watoto?"

"Watoto wetu. Walisema majengo ni mabovu."

Mkuu wa Wilaya akawatazama watoto kule ng'ambo ya uwanja, kisha akamtazama mwanamke huyu aliyejaa vumbi. Alionekana kuchanganyikiwa kwa dhati. "Na ninyi," akauliza, "mkawasikiliza?"

Walichukuliwa kumi na wawili, Zamoyoni na Mama Siwema wakiwa wa kwanza kupandishwa lori. Hati ya mashtaka ilisema wamebomoa jengo la umma kabla ya muda wake wa kuanguka. Saa tisa alasiri waliingizwa mahabusu ya wilaya, chumba kimoja chenye dirisha dogo la nondo. Wenzao wakakaa sakafuni, mmoja akaanza kulia, mwingine akamkumbatia. Mama Siwema hakukaa. Alitembea akiufuata ukuta polepole, anaugonga kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio. Akakwaruza kwa ukucha. Hakuna kilichodondoka. Akakwaruza tena kwa ncha ya bangili yake ya shaba, akaitazama ile bangili: ncha ilikuwa imepinda.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Njoo uguse."

Zamoyoni akasogea, akaweka kiganja. Ukuta ulikuwa baridi, umenyooka, mgumu kama jabali.

"Hapa," akasema Mama Siwema, "walitia saruji."